Karatasi ya Wana wa Nuhu

Ipo Jumapili moja, mwanangu Baraka, ambayo ikinijia akilini huwa nashika ukuta kwanza ndipo nakaa. Imenijia juzi, ulipotuma ile video kwenye kundi la ukoo. Ile ya bwana mwenye suti anayegonga ramani kwa fimbo na kusema kabila fulani ndio Waisraeli halisi, kabila fulani ni uzao uliolaaniwa tangu siku za Nuhu, na damu haifutiki. Chini yake ukaandika: "Wazee mnasemaje hapo?"

Mzee ni mimi, babu yako. Nilikaa na ile simu kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni kamba. Mambo haya hayaandikiki kwa kidole gumba, basi nimechukua daftari. Soma taratibu, na usisome ukiwa unakula.

Yule bwana namjua. Simjui jina lake wala kwao, ila nimewahi kuwa yeye, bila suti.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mchana nilikuwa kibarua wa ujenzi Kinampanda, nachanganya zege. Jua likishuka natembea hadi Kiomboi kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Tulisoma kwa taa ya chemli moja iliyotoa moshi wa kutosha kukausha nyama ya ng'ombe mzima. Nikahitimu. Ukiniuliza tulikuwa wangapi nitakwambia elfu moja, na wa kwanza nilikuwa mimi. Bibi yako akiulizwa atakwambia tulikuwa kumi na mmoja, na wawili waliumwa siku ya mtihani. Somo lililonipa sifa lilikuwa ufahamu. Unapewa habari, unaisoma, unajibu maswali, na swali la kwanza siku zote lilikuwa lile lile: nani anasema? Lishike hilo swali, nitalirudia.

Nikarudi nyumbani Kinyangiri na cheti changu kwenye bahasha, nikitembea katikati ya barabara ili ng'ombe wanipishe. Kanisani hapakuwa na kijana aliyesoma kunizidi, nikapewa darasa la Biblia la Jumapili baada ya ibada. Walianza watu tisa. Nikaona aibu msomi mzima kufundisha watu tisa. Nikatafuta somo litakalovuta watu.

Nilikuwa nimerudi na mifuko mitupu ya saruji. Ile karatasi yake ya ndani ni ngumu, inavumilia. Nikaichana, nikaikung'uta, nikaibandika kwa uji wa ulezi mpaka ikawa karatasi moja ya kuziba ukuta wa mbele. Juu kabisa nikaandika NUHU. Chini yake wanawe watatu, Shemu, Hamu na Yafethi, na chini yao nikaanza kuwagawa watu wote wa dunia, mimi kibarua wa zege, kwa mkaa na kalamu ya wino.

Wazungu niliwapa Yafethi, ilikuwa rahisi. Sisi Wanyiramba nikatuweka kwa Shemu, ndani ya Israeli kabisa. Ushahidi nilikuwa nao. Tunafuga, tunatahiri, tunaheshimu wazee, na koo zetu ni kumi na mbili kama makabila ya Israeli. Koo hazikuwa kumi na mbili, mwanangu. Nilipozihesabu zilinizidi, basi nikaziunganisha hii na ile mpaka zikakubali. Chini pembeni, upande wa Hamu, nikachora kisanduku, nikakipaka mkaa, nikaandika KANAANI, jina la mwana wa Hamu. Ndani yake nikawaweka Wahadzabe, wawindaji wa bondeni.

Kwa nini wao? Kwa sababu hawakuwa na jembe wala zizi. Na kwa sababu, nikikuambia ukweli wote, sikutarajia mtu wa kusimama kunibishia.

Jumapili hiyo nilifundisha kwa sauti ya kuamsha ng'ombe wa Shelui, mbali huko. Nilisema Kanaani alilaaniwa, awe mtumwa wa watumwa. Nikaongeza kwamba laana hiyo inashuka kutoka tumbo hadi tumbo mpaka mwisho wa dunia. Hicho cha tumbo hadi tumbo sikukisoma popote. Nilikiongeza kwa ajili ya ladha, kama mtu anavyoongeza chumvi. Watu walipiga makofi. Jumapili iliyofuata walikuja sitini, nikaona Mungu amethibitisha.

Benchi la nyuma alikuwa akikaa mama mmoja, Mama Zefania. Alikuwa Mhadzabe, mjane wa fundi seremala wa hapa kwetu, anauza asali na ubuyu. Kila aliponiona aliniita mwalimu, tangu siku ambazo hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Siku ya karatasi alikuwepo. Nilimwona. Hakutoka, hakuinamisha kichwa, aliendelea kunitazama mpaka nilipofunga kwa sala. Wiki ile ile nikasikia kisimani wanawake wamemwambia aje na kata yake mwenyewe ya kuchotea maji, asitumie ya wote. Nikasema moyoni, hilo si langu, mimi nimefundisha Maandiko tu.

Basi Jumapili hiyo ya kwanza, mchana, mama yangu alibaki kanisani watu walipoondoka. Hakujua kusoma. Akaniomba nimsomee karatasi yote, nikafurahi, nikamsomea kwa kidole. Tulipofika chini pembeni akauliza, "Na hapo peusi umewaweka akina nani?"

"Wahadzabe, mama."

Akakaa kwenye benchi. Akapanga kanga yake magotini kama anayesubiri kutolewa jino.

"Basi niandike na mimi hapo," alisema. "Mama yangu aliokotwa mwaka wa njaa, akiwa hivi, chini ya kiuno changu. Babu yangu alimlea na ndama wake, baadaye mwanawe, baba yangu, akamwoa. Kwao ni hao."

Nilicheka kwanza. Kisha nikamwangalia mama usoni, nikaacha. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema wazee wote wanajua, ila hapakuwahi kuwa na sababu ya kulisema. Ni kama kutaja kwamba mtu ana magoti. Nikamsihi asilitaje tena. Yaani nilimkataza mama yangu kumtaja mama yake, na nikafunga mlango wa kanisa vizuri tulipotoka.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ilinikuta nyumba tupu ikakaa vyumba vyote. Bibi yako alikuwa na mimba ya miezi minane. Kila nikitazama tumbo lile nasikia maneno yangu mwenyewe: kutoka tumbo hadi tumbo. Nikawa sili. Nilikonda mpaka mkanda ukanizunguka mara mbili, na hapo nimepunguza chumvi. Jumapili nasimama mbele ya watu sitini, mgongo kwenye karatasi, na nahisi kile kisanduku kinanichoma shingoni. Nilitamani kuishusha. Nikaogopa wataniuliza kwa nini.

Mtoto akazaliwa, msichana. Nilimkagua kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Vidole kumi, sauti ya kutosha. Nikamwita Tumaini, na kwa majuma matatu nilianza kupumua.

Jumanne ya juma la nne akapata homa. Akakataa ziwa. Kilio chake kikawa chembamba, na shingo akawa anaikaza nyuma. Bibi yako akaanza kufunga kanga tayari kwenda hospitali Kiomboi. Nikamzuia. Nikamwambia ugonjwa huu si wa hospitali, unataka kufunga na kuomba. Sikumwambia laana, nilikuwa naogopa hata kulitamka neno. Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikafunga kula Jumanne na Jumatano. Bibi yako alinililia, akanitukana, akaniita majina ambayo hata kwenye utani hayatumiki. Nilikuwa mkubwa wa nyumba, nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimesoma. Akaniogopa. Mwanangu, siku hizo mbili ndizo ninazozungumzia. Mengine yote ni ya kukufikisha hapo.

Alfajiri ya Alhamisi mama yangu alitoka bila kuaga, akarudi na Mzee Kiula. Huyo alikuwa mwinjilisti wa zamani, mzee mrefu, macho yake yote mawili yameshikwa na mtoto wa jicho, anatembea kwa kushika bega la mtu. Nikamwamkia, shikamoo baba. Hakuitika. Alinyoosha mkono, akamgusa mtoto kwa nyuma ya kiganja.

"Mtoto anaungua. Anafanya nini humu ndani?"

Nikamwambia yote, kwa pumzi moja. Nyanya yangu, kisanduku, tumbo hadi tumbo. Bibi yako akasikia kwa mara ya kwanza, akanitazama kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo za mumewe.

Mzee Kiula hakubishana. "Laana itasubiri," alisema. "Basi la Kiomboi halisubiri. Chukua hiyo Biblia yako, utanishika mkono."

Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilitamani mtoto alie, na hakulia. Hospitalini muuguzi alimpokea mikononi mwa bibi yako, akamwangalia shingo, akauliza alianza lini. Bibi yako akasema Jumanne. Yule muuguzi akaniangalia mimi, si yeye.

"Siku mbili mlikuwa wapi?"

Nilikuwa wa kwanza katika ufahamu, na swali hilo sikulijibu. Wakaingia naye ndani, wakasema ni homa ya uti wa mgongo, tukaambiwa tukae nje kwenye benchi.

Nilidhani Mzee Kiula amenibebesha Biblia ili tuombe. Akasema, "Soma pale ulipofundishia. Mimi sioni." Nikasoma. Nuhu akapanda mizabibu, akalewa, akalala uchi, Hamu akamwona, Nuhu akaamka akajua, akamlaani Kanaani.

"Huko masomo ya jioni walikuwa wanawauliza nini mkishasoma habari?"

Nikamwambia swali la kwanza: nani anasema.

"Haya. Hapo nani anasema?"

Nikatazama mstari ule. Nilikuwa nimeufundisha Jumapili sita. "Nuhu," nikasema.

"Ametoka wapi?"

"Ametoka kulala. Alikuwa amelewa."

"Na Mungu anasema nini hapo?"

Nikatafuta. Nikageuza ukurasa, nikarudi. Nilitafuta kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. "Hasemi kitu, baba."

"Rudi nyuma, mwanzo wa sura. Pale anasema?"

Pale alikuwa anasema. Walipotoka safinani Mungu aliwabariki, Nuhu na wanawe, wote kwa jumla, Hamu akiwemo. Kisha mzee akaniuliza kama nilipoandika habari za uzao nilimkumbuka Miriamu. Nilimkumbuka vibaya. Akanikumbusha: Musa alioa mwanamke Mkushi, na dada yake Miriamu akamsema vibaya kwa ajili ya huyo mke. Mungu hakumgusa Mkushi. Aliyeamka na ngozi ya ukoma, nyeupe, ni Miriamu.

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na madoa meupe yaliyoachwa na saruji tangu Kinampanda, nilikuwa nimeyazoea kama kucha. Siku ile niliyaona upya, mwanangu, na nikayaficha kwapani mbele ya mzee asiyeona.

Akaendelea taratibu, kama mtu anayemenya karanga. Waisraeli walipotoka Misri walitoka na kundi kubwa la watu mchanganyiko, hawakutoka peke yao. Ruthu alikuwa Mmoabu. Rahabu alikuwa Mkanaani wa Yeriko, wa kisanduku changu kabisa, na jina lake limeandikwa kwenye ukoo wa Yesu mwanzoni mwa Injili, mahali ambapo hata mvivu wa kusoma anafika. "Umeandika ukoo wa dunia nzima," alisema, "ukamwacha nje bibi wa Bwana wako. Na bibi yako mwenyewe."

Tumaini alipona. Tulikaa hospitalini siku nyingi, alirudi ananyonya na kunenepa. Ni baadaye, alipofika miezi ya kugeuka anapoitwa, ndipo tuliona hageuki. Tukagonga sufuria nyuma yake. Aligeuka kwa upande mmoja tu, kidogo. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia limebaki nusu. Daktari alisema ni ile homa, na kwamba kuwahi kungesaidia. Alisema kwa upole. Ningependa angenipiga.

Unamjua shangazi yako anavyogeuza kichwa ukimwita, mnadhani ana maringo. Sasa umejua.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na Jumapili nyingine. Mzee Kiula aliniambia karatasi siwezi kuichana kimyakimya, kwa kuwa sikuitundika kimyakimya. Nikasimama mbele ya watu sitini. Nikachukua kalamu, nikaandika jina la nyanya yangu kwenye kile kisanduku cheusi, na chini yake jina la mama, na langu, na la Tumaini. Nikasema nilikosea, laana ile haikutoka kwa Mungu, na cha tumbo hadi tumbo nilikitunga. Nilidhani wataelewa. Mzee mmoja nyuma alisimama, akasema hata mama yake yeye aliokotwa mwaka ule ule. Wengine walitazamana. Wakaanza kutoka, wawili wawili.

Na ilipojulikana kwamba mtoto wangu hasikii, nilimkuta mama mmoja kisimani anamweleza mwenzake. "Si unaona? Mwalimu mwenyewe alitufundisha, inashuka kutoka tumbo hadi tumbo." Alilisema kwa maneno yangu, na kwa mapigo yangu ya sauti. Nikawaambia nimeyafuta yale. Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba niliyafuta kwa sababu yalinigusa. Mwanangu, nimewahi kukimbizwa na fisi, ukubwa wake kama ndama wa mwaka, na nakuambia sikuogopa kama nilivyoogopa sauti ile. Mpaka leo kuna nyumba pale Kinyangiri inayoamini somo langu la kwanza na kulikataa la pili.

Mama Zefania alikuwa ameshahama. Nilimfuata kwao, mwendo wa siku nzima kuelekea bondeni. Alikuwa anakamua masega ya asali, akanikaribisha, akanipa maji kwa kata yake mwenyewe, nikanywa. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza siku ile.

"Ulipokuwa unasema, mwalimu, ulikuwa unaniona?"

Nikamjibu nilikuwa namwona.

Akaendelea kukamua. Akasema amenisamehe, hakunichukia hata siku ile. "Niliogopa tu. Mpaka leo nikiona watu wamekaa na kitabu, napita mbali." Kisha akanifungia asali ya kumpelekea mama. Kurudi Kinyangiri hakurudi.

Sasa nisikilize, Baraka, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Ukisikia mtu anagawa watu kwa jina la Mungu, hawa wateule, hawa waliolaaniwa, muulize swali la masomo ya jioni: nani anasema? Ni Mungu, au ni mtu aliyeamka na ulevi wake? Ulevi si wa divai tu. Mimi nililewa makofi. Tazama pia msemaji amejiweka wapi kwenye karatasi yake. Ukikuta amejiweka juu na ametafuta pa kuweka jirani yake chini, funga simu. Na kabla hujatuma, fikiri nani amekaa benchi la nyuma. Kundi la ukoo lina watu arobaini na moja. Humjui bibi wa kila mmoja. Hata bibi wa babu yako ulikuwa humjui mpaka leo. Maandiko yanasema sote tumetoka kwa mtu mmoja. Mimi nilihitaji ufafanuzi wa sikio la mwanangu ndipo nikaamini. Wewe amini kwa bei nafuu.

Karatasi ninayo, imekunjwa chini ya sanduku langu la bati. Nikifa usiichome. Itundike kwa watoto wako, uwaonyeshe kisanduku, uwasomee majina manne. La nne ni la shangazi yako.

Naye ameiona video yako, maana kusikia kumempunguka lakini kusoma hakuna wa kumshinda, nilimfundisha mwenyewe. Nadhani hujaona alichokujibu, kimefunikwa na vicheko vya binamu zako. Rudi nyuma utakikuta. Ni maneno matatu: "Huyu ni nani?"

Mungu aliyewabariki wote mlangoni pa safina, kabla mtu yeyote hajalewa, akubariki na wewe. Akupe mdomo unaochelewa na miguu inayowahi hospitali. Akupe mke kutoka kwa watu wowote atakaopenda, na siku watakapouliza ukoo wako, uutaje wote, pamoja na yule aliyeokotwa, bila kushika ukuta.